Kumwachisha Mtoto Ziwa ni Shauri la Wawili

Katika mambo wanayotuuliza wasomaji wetu, mabibi kwa mabwana, hili la kumwachisha mtoto ziwa halikosi kurudi. Mmoja huuliza aanze mwezi gani. Wa pili huuliza atumie dawa gani. Wa tatu, naye aghalabu ni baba, huuliza ni lini atalala usiku mzima. Kwa hivyo mwezi huu tumekusudia kuyakusanya tuliyoyasikia kwa wazazi wa Mombasa, Tanga na Unguja, tuyapime kwa mafunzo ya dini yetu na kwa elimu ya madaktari, ili kila nyumba ichukue linaloifaa.

Kabla ya yote tuiangalie lugha yetu wenyewe. Kumwachisha mtoto ziwa Waswahili hukuita pia kumlikiza, na neno hilo ni ndugu wa neno likizo. Mwenye likizo hakufukuzwa. Amepewa ruhusa, kwa wakati wake na kwa wema. Huu ndio ustaarabu tunaoutaka katika jambo hili: mtoto apewe ruhusa ya kuondoka kifuani kwa mamake, asifukuzwe.

Mafunzo ya Qur'ani

Sura ya Al-Baqara, aya ya 233, imelieleza jambo hili kwa urefu unaowashangaza wengi wanapoisoma kwa makini. Imetaja miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza kunyonyesha. Imemlazimisha baba chakula na nguo za mama huyo, kwa wema na kwa kadiri ya uwezo. Imekataza mama kudhuriwa kwa sababu ya mwanawe, na imekataza baba vile vile kudhuriwa kwa sababu ya mwanawe. Kisha ikabainisha kwamba wazazi wakitaka kumwachisha mtoto hapana lawama juu yao, lakini kwa masharti mawili: waridhiane, na washauriane.

Jambo la kuzingatiwa ni mahali ilipokaa aya hii. Imekuja katikati ya hukumu za talaka. Basi ikiwa mume na mke waliokwisha kuachana wametakiwa wakae shauri juu ya maziwa ya mtoto wao, je, hao walalao chini ya dari moja na kula sahani moja? Na juu ya hayo, katika nyumba zetu nyingi shauri hilo halikaliwi. Huku mama ameamua peke yake kwa kuchoka. Kule baba ametoa amri kutoka barazani. Na kwengine mavyaa ndiye aliyekata hukumu, mama na baba wote wawili wakanyamaza. Mtoto huamka siku hiyo akakuta riziki yake imefungwa, wala hajui kosa lake.

Kisa cha Sayyidna Umar

Ibn Saad amepokea katika Tabaqat zake kisa ambacho kila mzazi Mwislamu yafaa akijue. Msafara wa wafanyabiashara uliteremka Madina wakati wa ukhalifa wa Sayyidna Umar (r.a.), na yeye pamoja na Abdurrahman bin Auf (r.a.) wakakesha kuulinda. Usiku ule Umar akasikia mtoto analia. Akamwendea mama yake akamwambia amche Mungu na amtazame mwanawe, akarudi mahali pake. Mtoto akalia tena, akaenda tena. Alipolia mara ya tatu, mwishoni mwa usiku, Umar alimlaumu mama yule kwa ukali. Mama, asiyemjua anayesema naye, akamjibu kwamba anajaribu kumwachisha mtoto ziwa naye anakataa. Alipoulizwa kwa nini anafanya haraka, akasema ni kwa sababu Umar hawapi posho ila watoto waliokwisha kuacha ziwa.

Umar alisalisha alfajiri, na watu hawakuweza kukisikia vyema kisomo chake kwa kulia. Alipotoa salamu alijilaumu mbele ya watu kwa watoto wa Kiislamu ambao huenda wameangamia kwa kanuni yake ile. Kisha akaamrisha itangazwe kwamba watu wasiwaharakishe watoto wao kuacha ziwa, na kwamba kila mtoto anayezaliwa katika Uislamu atapewa posho tangu kuzaliwa.

Ndugu wasomaji, hapa pana funzo kubwa. Mama yule hakuwa mbaya. Alikuwa na haja. Na Khalifa hakumwongezea mawaidha, bali alikwenda akaiondoa sababu iliyomsukuma. Basi baba anayemwona mkewe anafanya haraka ya kumwachisha mtoto, kwanza atazame ni mzigo gani uliomsukuma. Labda hali vya kutosha. Labda halali. Labda asubuhi yuwakumbuka kazi ya watu inayomngoja. Mzigo huo ukipunguzwa, haraka nayo hupungua.

Itikadi ya kubemenda

Liko jambo jingine linalowafanya wengi wamkate mtoto ziwa kwa ghafula, nalo ni mimba. Katika miji na mashamba yetu iko itikadi kwamba mume na mke wakikutana mama angali ananyonyesha, au mama akishika mimba, maziwa huharibika na mtoto "hubemendwa": hukonda, huharisha, hudhoofika miguu. Siku mama anapojitambua kuwa mjamzito, siku hiyo hiyo mtoto hunyimwa, na mama hulaumiwa na majirani kama aliyetenda uovu.

Fikira ya namna hii haikuwa ngeni kwa Waarabu wa zamani. Muslim amepokea kwa Judama bint Wahb (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa amekusudia kukataza mume kumwingilia mke anayenyonyesha, kisha akatazama akaona kwamba Warumi na Wafursi hufanya hivyo na watoto wao hawadhuriki, basi asikataze. Tazameni namna alivyolipima jambo kwa kutazama hali za watu.

Na madaktari nao wanasema hivyo hivyo: maziwa ya mama mjamzito si sumu. Mama ambaye mimba yake haina matatizo aweza kuendelea kunyonyesha maadam anakula vyema. Aliyewahi kuharibikiwa mimba, au anayetokwa na damu, na amwone daktari au mkunga kwanza. Lakini mbona huyo mtoto kweli hukonda? Jawabu ni kwamba mara nyingi hakukonda kwa maziwa mabaya. Amekonda kwa kukosa maziwa, na badala yake akapewa uji mwepesi usio na kitu ndani yake.

Mwaka 1933 daktari mwanamke, Cicely Williams, aliyekuwa akifanya kazi Gold Coast, nchi iitwayo leo Ghana, aliandika habari za watoto wanaovimba miguu na kubadilika rangi ya ngozi na nywele. Mwaka 1935 aliutaja ugonjwa huo kwa jina alilolisikia kwa Waga wenyewe, kwashiorkor, maana yake ugonjwa umpatao mtoto mkubwa anapokuja mdogo wake. Sisi leo twauita unyafuzi. Ni kana kwamba mama wa Accra na mama wa Tanga wameona jambo moja: mmoja akalitia lawama kuja kwa mdogo, wa pili akalitia lawama mapenzi ya wazazi. Kumbe lililokuwa likimdhuru mtoto ni sahani yake.

Waliyotueleza wazazi

Bibi mmoja wa Mombasa, mama wa watoto watano, alitueleza kwamba wawili wa kwanza aliwaachisha kwa shubiri, kama alivyoachishwa yeye. Alijipaka, mtoto akaonja, akatema, akalia siku tatu. Anasema kilichomuuma si kilio, bali jicho la mtoto, namna alivyomtazama kama mtu asiyemjua. Tena maziwa yalimvimba, akashikwa na homa na jipu la ziwa. Watoto watatu wa mwisho aliwaachisha kwa kupunguza. Alianza na ziwa la adhuhuri, mahali pake akaweka chakula na mchezo. Akakaa siku kadhaa mpaka mtoto akazoea. Kisha akaondoa la alasiri. La usiku akaliacha mwisho kabisa. Kazi ilimchukua kiasi cha miezi miwili, wala hapakuwa na siku ya msiba nyumbani.

Mama wa Tanga alitueleza habari nyingine. Mwanawe wa mwaka mmoja na nusu alipelekwa shamba kwa bibi yake ili "asahau". Ziwa alilisahau, lakini alisahau na kula. Aliporudishwa baada ya wiki tatu mashavu yalikuwa yameingia ndani, na alipopimwa kliniki uzito ulikuwa umeshuka chini ya mstari. Alipona, alhamdulillahi, kwa maziwa, mayai na dagaa. Bibi yule hakuwa na kosa la mapenzi. Alimpenda mjukuu wake na kumpa alichokuwa nacho. Kosa lilikuwa kumnyang'anya mtoto vitu viwili kwa siku moja, ziwa na mama.

Hekima hii ya kwenda polepole si mpya katika vitabu vyetu. Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka 1350, katika kitabu chake Tuhfat al-Mawdud, amewausia wazazi wasimwachishe mtoto kwa ghafula bali wamzoeze kidogo kidogo, na wachague majira ya hali ya wastani, si joto kali wala baridi kali. Kwetu pwani twaweza kuongeza: wala si wakati mtoto ana homa, au anaharisha, au nyumba inahama, au mdogo wake amezaliwa jana.

Chakula cha kuanzia

Tangu mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani limeshauri mtoto anyonye tu mpaka atimize miezi 6, bila ya uji wala maji, kisha aanze chakula huku akiendelea kunyonya mpaka miaka 2 au zaidi. Msomaji ataona jinsi miaka hiyo 2 inavyokutana na ile iliyotajwa katika Qur'ani. Kwa hiyo kumpa mtoto chakula na kumwachisha ziwa si jambo moja. Chakula huja kwanza, ziwa huondoka baadaye, na baina yake pana mwaka na zaidi.

Kuanzia miezi 6 chuma alichozaliwa nacho mtoto huwa kinamwishia, na maziwa peke yake hayamtoshi. Aanze kwa vijiko viwili vitatu vya chakula laini, mara mbili au tatu kwa siku, vikiongezeka mpaka nusu ya kikombe cha mililita 250. Miezi 9 hadi 11 ale nusu kikombe, mara tatu au nne. Akitimiza mwaka ale robo tatu ya kikombe mpaka kikombe kizima, mara tatu au nne, na kitu kidogo cha kutafuna katikati.

Na uji uwe uji. Ukiinua kijiko nao ukachuruzika kama maji, huo hujaza tumbo ukaacha mwili na njaa. Uwe mzito wa kukaa kijikoni, na ndani yake kitiwe kitu: tui la nazi, karanga zilizopondwa laini, yai lililoiva, samaki aliyetolewa miiba, dagaa waliosagwa, maharage yaliyopondwa. Mahindi na karanga zenye ukungu zitupwe, maana zina sumu ya kuvu. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Ndizi, papai, viazi vitamu, boga na mchicha tunavyo sokoni, wala havihitaji kopo la ng'ambo.

Asali, pamoja na baraka zake, mtoto asipewe mpaka atimize mwaka, kwani huweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo changa haliviwezi. Mwenye kutaka kumfanyia mwanawe tahniki na atumie tende, kama ilivyopokewa.

Mama mwenye kazi

Mama wengi siku hizi ni walimu, wauguzi, makarani na wafanyabiashara. Sheria ya kazi ya Tanzania ya mwaka 2004 imeweka likizo ya uzazi ya siku 84, na 100 kwa aliyezaa zaidi ya mmoja. Ile ya Kenya ya mwaka 2007 imeweka miezi mitatu, na wiki mbili kwa baba. Hesabu ni nyepesi: likizo humalizika mtoto hajatimiza miezi yake 6. Hapo ndipo nyumba nyingi hununua kopo.

Mwalimu mmoja wa Unguja alitueleza alivyofanya. Wiki mbili kabla ya kurudi kazini alianza kujikamua, na mavyaa wake akajifunza kumnywesha mtoto kwa kikombe kidogo kisafi, si kwa chupa, kwa kuwa chupa ni ngumu kuisafisha. Maziwa ya mama yaliyokamuliwa hukaa salama kiasi cha saa 4 katika chumba kisicho na joto kali, na siku 4 katika friji; katika joto letu la Januari ni bora yatiwe kwenye baridi mara moja. Anasema wiki ya kwanza mavyaa wake alinong'ona kwamba mtoto ana njaa na uji utamfaa. Mumewe ndiye aliyekaa na mama yake mzazi, kwa adabu na kwa sauti ya chini, akamwomba wasubiri mpaka miezi 6. Tuliipenda sana habari hii, kwa sababu neno lile likitoka kwa mke ni ukaidi, na likitoka kwa mwana ni ombi.

Usiku na kilio

Wazazi wa mtoto mchanga wajue kwamba kilio kina majira yake. Huongezeka wiki za mwanzo, aghalabu hufikia kilele karibu na wiki ya 6, kisha hupungua mpaka mwezi wa 3 au wa 4. Si kila kilio ni jicho la mtu, wala si kila kilio ni njaa. Lakini mtoto mwenye homa, asiyetaka kunyonya, au anayelia kwa sauti isiyo ya kawaida, apelekwe hospitali usiku huo huo.

Baba mmoja wa Mombasa, fundi wa magari, alitueleza kwamba mwanawe wa miezi 15 alikuwa akiamka mara nne kwa usiku, na kila mara hanyamazi ila kwa ziwa. Walikaa shauri, yeye na mkewe, wakakubaliana kwamba kuanzia Alhamisi jioni yeye ndiye atakayeamka. Kila siku wakashika mpango mmoja: kuoga, kula, kunyonya, taa kupunguzwa, na dua za kulala kwa sauti moja ile ile. Mtoto alipoamka, baba alimchukua begani, akampa maji kidogo, akatembea naye ukumbini akimsomea zile sura fupi anazozijua. Usiku wa kwanza alilia karibu saa nzima; wa pili nusu ya hapo; wiki ya pili alikuwa akiamka mara moja tu. Mkewe alituambia kwamba alipolala saa sita mfululizo aliamka akadhani ni mgonjwa.

Kuna wanaume wanaoona jambo hili ni aibu. Hao na wakumbuke kwamba Bukhari na Muslim wamepokea kwa Anas (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akiingia katika sala akikusudia kuirefusha, akisikia kilio cha mtoto huifupisha, kwa kujua jinsi moyo wa mama unavyotaabika. Ikiwa kilio cha mtoto kimefupisha sala ya Mtume, kitashindwaje kufupisha usingizi wetu?

Twausia pia mambo manne ya hadhari. Mtoto mchanga alazwe chali, juu ya godoro lisilobonyea, bila ya mito usoni, ndani ya chandarua. Asipewe dawa ya kikohozi wala dawa yoyote ili asinzie. Asifukizwe udi wala ubani chumba kikajaa moshi. Na mzazi aliyezidiwa na kilio asimtikise mtoto kabisa. Amweke mahali salama, atoke nje, avute pumzi, amwite mwenziwe.

Neno la mwisho

Basi, enyi wazazi, jioni moja ya wiki hii, watoto wakubwa wamelala, mkae wawili na mwulizane: mtoto wetu ana umri gani, anakula nini, anapima uzito gani, na mama yake amechoka kiasi gani? Mkiona wakati umefika, tangulizeni Bismillahi mwanze kwa kupunguza. Mkiona bado, ngojeni, wala msione haya kwa maneno ya jirani. Bibi na mavyaa waheshimiwe na waulizwe, maana wameona mengi. Lakini ridhaa na shauri Mola ameziweka kwa wazazi, nao ndio watakaoulizwa.

Mwenyezi Mungu awakuze watoto wetu kwa afya na imani, awape mama zao nguvu na baba zao huruma, na aturuzuku sote usingizi wa salama. Amin.